Seramiki kwenye gari langu: ya kwanza haikushika, ya pili imeshika

Ninaendesha Toyota Harrier nyeusi iliyoagizwa kutoka Japani ikiwa imetumika, yenye namba ya rangi 202 kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti. Mwenye gari la rangi hiyo hahitaji kuelezwa adha yake, kwani kitambaa kikavu kikipita juu ya vumbi mara moja tu, jua la saa nne huanika mikwaruzo yote kama utando wa buibui. Ndiyo sababu niliamua kulipaka seramiki, yaani dawa ya majimaji inayokauka na kuwa utando wa kuilinda rangi, nikaishia kulipaka mara mbili, hapahapa Dar es Salaam, kwa mafundi wawili tofauti waliotumia dawa ya aina moja.

Kazi ya kwanza ilichukua nusu siku na kunigharimu Sh 350,000. Gari lilioshwa, likapigwa polishi kwa mashine, likafutwa kwa kitambaa kikavu, kisha likapakwa dawa chini ya turubai, katikati ya masika. Nilikabidhiwa jioni ileile, na kabla sijafika nyumbani mvua ilikuwa imeshanikuta njiani. Wiki za mwanzo nilifurahi sana, maana maji yalijikusanya matone na kuteleza kama juu ya jani la jimbi. Kufikia mwezi wa tatu tangu lipakwe, boneti ilikuwa ikilowa chapachapa huku milangoni matone yakiendelea kuwapo, na ukiinama kutazama kwa upande uliziona duara za mashine ya polishi pale ambapo dawa ilikuwa imebanduka.

Fundi wa pili alinieleza sababu kabla hata hajataja bei. Polishi nyingi huwa na mafuta, na mafuta hayo hujaza mikwaruzo na kuifanya rangi ionekane safi kuliko ilivyo. Seramiki ikipakwa juu yake hushika mafuta badala ya kushika rangi, na siku sabuni inapoyaondoa mafuta, nayo huondoka. Nta ya kung'arishia gari haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu nta ya karnauba, inayotokana na mmea, hukaa juu ya rangi tu kama siagi juu ya mkate, na haidumu. Silanti za polima, yaani dawa za kulinda rangi zinazotengenezwa kiwandani badala ya nta, hunata zaidi, lakini nazo ni za miezi. Seramiki hufanya kazi kwa namna nyingine: viambato vyake vya silikoni huchukua unyevu wa hewani, hubadilika, kisha hufungamana vyenyewe kwa vyenyewe na pia na uso wa klia, ile tabaka ya juu isiyo na rangi. Ili ufungamano huo utokee, klia lazima iwe tupu kabisa.

Kuhakikisha kwamba ni tupu ndiko kulikokula muda wa siku mbili nilizoliacha gari kwake. Aliniambia niingize mkono ndani ya mfuko wa mkate (ile ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019) na kuupitisha juu ya buti lililokwisha kuoshwa; nilihisi chembe kama za mchanga ambazo kiganja kitupu hakikuzihisi. Alizitoa kwa udongo maalumu, akapiga polishi, halafu akafuta kila sehemu mara mbili kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji. Baada ya kufuta, mikwaruzo kadhaa ikarudi kuonekana mlangoni. Akacheka, akarudia polishi.

Dawa yenyewe aliipaka ndani ya chumba kilichofungwa, nusu boneti kwa wakati, akisubiri zijitokeze rangi za upinde wa mvua kama za mafuta ya taa juu ya dimbwi, ndipo akafuta. Kwa joto na unyevu wa Dar hazichukui muda, na ukichelewa dawa hukaukia palepale na kuacha doa linalohitaji mashine kulitoa. Gari lililala humo ndani, nami nikaagizwa nisilioshe kwa sabuni kwa siku saba. Nililipa Sh 800,000.

Miezi kumi imepita na boneti bado inateleza maji, isipokuwa ninapoliosha kwa maji ya kisima, ambayo chumvi yake ikikaukia juani huacha madoa meupe yanayozuia matone mpaka niyafute. Yale maneno ya 9H, yanayotumiwa kusifia ugumu wa seramiki, yasimdanganye mtu: hicho ni kipimo cha penseli za kuchorea, hakina uhusiano na ugumu wa almasi, na mikwaruzo midogo ninayo. Wala seramiki haizuii kinyesi cha kunguru. Niliegesha chini ya mwarobaini Ijumaa, nikakiondoa Jumapili, na alama yake, ya ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, ipo juu ya paa hadi leo.