Unga wa glukosi wa pakiti: hodari kwa kazi moja

Kwanza soma lebo. Unga mwingi unaouzwa kama glukosi ni dekstrosi monohaidreti, yaani kila molekuli ya glukosi imeshikana na molekuli moja ya maji. Maji hayo ni takriban asilimia 9 ya uzito. Kwenye kinywaji cha kawaida hilo halisumbui, ila kwenye tiba linahesabika: mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka chini ya milimoli 4 kwa lita huhitaji gramu 15 za glukosi, basi apime gramu 16.5 za unga huu. Atumie mizani, kwa sababu kijiko hudanganya, hasa unga ukishashindiliwa.

Sifa yake kubwa ni kasi, na hapo unastahili alama zote. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizofungwa pamoja. Lazima kimeng'enya cha utumbo mwembamba kizitenganishe kwanza, na fruktosi nyingi huishia kwenye ini. Glukosi haina cha kusubiri. Ndiyo maana anayetumia akabosi, dawa inayozuia vimeng'enya hivyo, akishukiwa na sukari apewe glukosi, si sukari ya mezani. Koroga kwenye nusu kikombe cha maji, anywe, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula cha wanga. Usichanganye na maziwa yenye mafuta, kwani mafuta huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, atapaliwa.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni kumpa mtoto anayeharisha maji ya glukosi peke yake. Mlango wa utumbo unaoingiza glukosi hupitisha ayoni mbili za sodiamu kwa kila molekuli moja, na maji hufuata. Bila chumvi mtoto harudishiwi sodiamu anayoipoteza, na glukosi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, kuhara kukaongezeka. ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na glukosi wa kurudisha maji mwilini, ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi kavu na gramu 2.6 za chumvi kwa lita moja, pamoja na potasiamu na sitrati. Pakiti hii haichukui nafasi yake.

Maneno ya "nguvu papo hapo" kwenye karatasi yanahitaji kiasi. Kwa mwanariadha katikati ya mbio ndefu ni kweli. Kwa mtu mzima wa afya aliyeketi, insulini huisukuma glukosi kwenye misuli na ini ihifadhiwe kama glikojeni, na ikizidi mno huchangia mafuta. Unga huu si dawa ya uchovu.

Jikoni utamu wake ni kama asilimia 70 ya sukari ya mezani, lakini keki hubadilika rangi haraka: ncha ya aldehaidi ya glukosi huungana na amino asidi za unga wa ngano na mayai. Punguza moto.

Kijiko chenye maji kikiingia koponi, unga huganda mabonge. Haujaharibika, uponde na uupime upya.

Chagua usio na ladha. Zenye ladha mara nyingi huongezwa sukari ya mezani, na hapo ile kasi uliyoilipia imepungua. Ulio safi huyeyuka ukawa maji angavu na huacha ubaridi kidogo ulimini. Tone la iodini likigeuka buluu nyeusi, umechanganywa na wanga.