The Expanse: tamthilia ambayo uzito wa mwili ni siasa

Katika tamthilia nyingi za bunilizi ya kisayansi, wahusika hutembea ndani ya chombo cha anga kana kwamba wako sebuleni, na hakuna anayejisumbua kueleza ni nini kinachowashikilia sakafuni. The Expanse, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2015 na kumalizika Januari 2022 baada ya misimu 6 yenye vipindi 62, imeikataa njia hiyo ya mkato, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ubora wake wote.

Hadithi inatokea karne kadhaa zijazo. Dunia inatawaliwa na Umoja wa Mataifa, Mirihi ni taifa huru lenye jeshi la kutisha, na katikati ya uhasama huo wamo watu wa Ukanda wa Asteroidi (eneo la miamba inayozunguka Jua), vibarua wanaochimba madini na kusafirisha barafu kwa faida ya wengine huku wao wenyewe wakihesabiwa maji na hewa. Meli ya Canterbury, inayobeba barafu kutoka pete za Zohali kupeleka Ceres, makazi makubwa ya Ukandani, inalipuliwa kabla kipindi cha kwanza hakijaisha, na mabaharia wachache walionusurika, wakiongozwa na James Holden, wanajikuta wakibeba ushahidi unaoweza kuanzisha vita. Wakati huohuo mpelelezi Miller anamtafuta binti aliyetoweka wa tajiri mmoja, naye Chrisjen Avasarala, kiongozi wa ngazi ya juu katika Umoja wa Mataifa, anajaribu kubaini nani anamdanganya nani.

Vyombo vya humu havina mashine ya miujiza ya kuzalisha uzito. Uzito unapatikana kwa msukumo wa injini, na kwa sababu hiyo ghorofa za meli zimepangwa moja juu ya nyingine, injini ikiwa chini kabisa. Meli ikifika nusu ya safari hugeuzwa kichwa chini miguu juu ili injini ileile iliyoiongezea kasi iipunguze. Injini ikizimwa, kila mtu anaelea, isipokuwa aliyevaa viatu vya sumaku. Msukumo ukizidi, rubani na wenzake huchomwa dawa zinazousaidia mwili kustahimili, na hata hivyo kila safari ya kasi inabaki kuwa kamari. Kuna pambano moja katika msimu wa kwanza ambalo sijaona mfano wake kwenye runinga: kombora dogo lisilolipuka linapenya ukuta mmoja wa chumba na kutokea ukuta wa pili, mtu mmoja anakufa bila kutoa hata sauti, na waliobaki hawana nafasi ya kumlilia kwa sababu hewa inavuja kupitia matundu mawili na ni lazima yazibwe, huku matone ya damu yakielea mbele ya nyuso zao. Umakini huu hauwi wa kushangaza ukijua kwamba Naren Shankar, aliyeisimamia tamthilia hii, ana shahada ya uzamivu katika fizikia tumizi kutoka Chuo Kikuu cha Cornell.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi fizikia hiyo inavyozaa siasa. Aliyezaliwa Ukandani amekua katika uzito mdogo, kwa hiyo mifupa yake ni mirefu na dhaifu, na sayari waliyotoka mababu zake haiwezi tena kuwa makao yake. Katika kipindi cha kwanza Avasarala anamhoji mfungwa wa aina hiyo bila kumpiga hata kofi. Amemning'iniza tu, na Dunia yenyewe inafanya kazi ya mtesaji. Kule Ceres, Miller anapomimina pombe, mkondo wake unapinda hewani kwa kuwa makazi yale yanapata uzito kwa kuzungushwa. Kweli, Ceres halisi, yenye kipenyo cha takriban kilomita 940, ingesambaratika kama ingezungushwa kwa kasi hiyo, na sauti za injini zinasikika mahali pasipo na hewa, lakini haya ni makosa ya mtu anayeijua kanuni na kuamua wapi aivunje.

Uigizaji haulingani. Shohreh Aghdashloo, kwa sauti yake ya mkwaruzo na matusi anayoyatamka kwa adabu zote, anamfanya Avasarala kuwa mhusika anayesubiriwa katika kila kipindi. Wes Chatham anamwigiza Amos, fundi mitambo wa kundi la Holden, kwa utulivu unaotia hofu. Steven Strait, aliyepewa nafasi ya Holden, anachukua takriban misimu miwili kuingia katika viatu vyake. Lugha ya watu wa Ukanda, iliyotungwa na mwanaisimu Nick Farmer, inasikika kama lugha ya watu halisi waliokutanishwa na kazi.

Atakayeanza kuitazama ajue kwamba vipindi 4 vya mwanzo ni vigumu: majina ni mengi, pande ni nyingi, na hakuna anayesimama kumfafanulia mtazamaji. Msimu wa nne, unaotumia muda mwingi kwenye sayari moja, umepooza ukilinganishwa na wa tatu na wa tano. Kituo cha Syfy kiliiacha mwaka 2018, na Amazon ikaichukua baada ya mashabiki kupiga kelele kiasi cha kukodi ndege iliyokokota bango juu ya ofisi za Amazon Studios. Hata hivyo msimu wa sita ulipewa vipindi 6 pekee. Vita vinamalizwa kwa haraka, na mbaya zaidi, kila kipindi kinafunguliwa na kisa cha mtoto mmoja katika sayari ya Laconia ambacho hakifikishwi popote, kwa kuwa mwendelezo wake umo katika vitabu 3 vya mwisho vya mfululizo wa riwaya za James S. A. Corey uliozaa tamthilia hii, ambavyo havijaigizwa. Anayetaka kujua Laconia ilikuwa na maana gani hana budi kuvisoma, akianzia kitabu cha saba.