Uzoefu wangu na Poly Haven: mwanga nachukua kwao, mandhari ya dirishani napiga mwenyewe

Kazi yangu ni kutengeneza picha za ndani za nyumba ambazo bado hazijajengwa, nyingi zikiwa za Dar es Salaam. Nikionyeshwa renda ya mtu, yaani picha iliyotengenezwa kwa kompyuta, macho yangu huenda dirishani kwanza. Sebule imepangika, makochi yamekaa vizuri, halafu nje kuna misonobari na milima ya theluji, na kiwanja kiko Mbezi Beach! Mteja huenda asijue kasoro iko wapi, ila atakwambia picha haijamkaa.

Poly Haven ni maktaba ya mtandaoni ya HDRI (picha za mazingira za pande zote, zinazotumika kuangaza renda), tekscha (picha za sura ya vitu kama mbao au ukuta) na modeli za 3D, vyote bure. Leseni yake ni CC0, kwa hiyo unatumia hata kwenye kazi ya kulipwa bila kuomba ruhusa wala kutaja jina la mtu. Hakuna kujisajili. Unachagua picha, unachagua ukubwa, unapakua. Kwa mwanga sijaona cha bure kinachoifikia, kwa sababu HDRI hubeba nguvu ya jua na anga pamoja na rangi zake, na chumba kinapata vivuli vya kweli.

Mandhari ni habari nyingine. HDRI inazunguka nyuzi 360. Ukipakua ya 4K, una pikseli 4,096 kwa mzunguko wote, yaani kama 11 kwa kila nyuzi. Dirisha linaloonyesha nyuzi 40 za nje linabaki na pikseli 455 hivi, na kwenye picha kubwa ya mteja hapo ni ukungu mtupu. Ya 16K inakupa kama 1,820, inatosha, ila kadi ya picha yenye kumbukumbu ndogo italemewa. Tena HDRI nyingi hupigwa kwa kamera iliyosimamishwa chini kwenye miguu yake. Ukiiweka nje ya ghorofa ya nane, miti inakutazama usawa wa macho.

Kwa hiyo natenganisha. HDRI inaangaza chumba, na nje ya dirisha nasimamisha bapa lenye picha niliyopiga mwenyewe, kwenye kiwanja au juu ya paa la jengo la jirani, kwa kimo kinachokaribiana na cha ghorofa husika. Ndani ya Blender, programu ninayotengenezea renda, kwenye Ray Visibility ya bapa hilo (mpangilio wa miale ipi inaliona), nazima Diffuse (mwanga unaotawanyika) na Shadow (kivuli) ili lisizuie mwanga. Transmission (miale inayopita kwenye kioo) naiacha. Ukiizima na dirisha lina kioo cha kawaida cha Glass, mandhari yatatoweka, maana mwale ukishapita kwenye kioo hicho Cycles, injini ya Blender inayokokotoa mwanga, haiuhesabu tena kuwa wa kamera.

Upeo wa bahari lazima ukae kwenye kimo kilekile cha kamera ya chumbani. Ukiupandisha kidogo tu, chumba kinaonekana kimezama.

Mwangaza ndipo wengi wanapoharibu. Mchana wa jua kali, nje huzidi ndani kwa stopu (kipimo cha mwanga cha wapiga picha) 6 hadi 8, na kila stopu ni mara mbili ya iliyotangulia, hivyo tofauti ni mara 64 hadi 256. Bahari ya buluu iliyokolea, kila wimbi likionekana, inanuka kompyuta. Mimi naiacha nje izidi ndani kwa stopu 2 hivi, mawingu yaungue kidogo. AgX, njia ya kugeuza mwanga wa renda kuwa rangi za skrini iliyokuja na Blender 4.0 mwaka 2023, inayapeleka kwenye weupe taratibu bila kuchafua rangi.

Halafu kuna wavu wa mbu. Dirisha la alminiamu la huku kwetu lina wavu, mara nyingi na grili pia, na wavu unafifisha mandhari, hasa ukilitazama dirisha kwa ubavu. Nauweka kama bapa jembamba lenye uwazi, rangi ya kijivu. Hakuna kitu kidogo kinachonipa uhalisia mwingi kama huo.

Na jua lenyewe: Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo, na Desemba linapanda zaidi, upande wa kusini. Mwanga wa saa sita unaishia karibu na dirisha. Miali mirefu sakafuni ni ya asubuhi na jioni. Machweo baharini usiyaweke Mbezi Beach, inayotazama mashariki. Yaweke Masaki, upande wa ghuba ya Msasani.

Poly Haven naipa nyota tano kwa mwanga, na anayeweza aichangie, kwa kuwa inaishi kwa michango na wafadhili. Ninachotamani sasa ni wapiga picha wetu wa Tanga, Kigamboni na Lamu wapande maghorofani, wapige mandhari ya pwani kwa ubora mkubwa, na wayaachie kwa CC0 vilevile.