Mtego wa panya wa kibao: darini unafanya kazi, kwenye ubishi wa asili ya viumbe unafyatuka ovyo

Mtego huu wa ubao na springi, unaopangwa Darajani pamoja na kufuli, nyembe na betri, una wateja wa aina mbili. Wa kwanza ana panya darini. Wa pili hana haja ya panya, anautaka kwa ubishi wa kama viumbe vilisanifiwa au vilitokana na mageuko, auweke mezani mbele ya wanafunzi au wenzake wa barazani, aseme: "Haya, toa kipande kimoja tuone kama utanasa!" Tumeupima kwa kazi zote mbili, maana wengi wanaoutumia kwa hiyo ya pili hawajapata kuutega hata mara moja, na wakibanwa inaonekana.

Tuanze na panya. Kuna saizi mbili. Ule wa panya wadogo wa nyumba una kama sentimita 10 kwa 5, na mkubwa unafika 17 kwa 8 au 9. Kwa nyumba za Mji Mkongwe na maghala ya Wete au Chake Chake, chukua mkubwa. Panya wa darini ni yule mweusi, mpandaji hodari, mgeni aliyeshuka na vyombo vya zamani. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu kwenye tabaka za makazi ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mtego mdogo humgonga pua tu, akaenda zake, na baada ya hapo hakisogelei tena kibao.

Vipande vya kazi ni vitano: ubao wenyewe, springi, waya mnene wa kupiga, fimbo nyembamba ya kuuzuia waya usirudi, na kibati cha chambo chenye mdomo unaoishika ile fimbo. Vilivyobaki ni pini za kushikilia. Dukani, nyanyua waya wa kupiga hadi usimame wima kisha uurudishe taratibu. Springi nzuri inakupinga tangu mwanzo. Inayolegea katikati, iache. Tikisa pini kwa ukucha: ikicheza, ubao ni laini mno. Hewa ya bahari huanza kula springi kwenye mikunjo, kwa hiyo ipake tone la mafuta ya cherehani na uifute (mafuta ya taa usitumie, harufu yake haitoki). Masika ubao huvimba, pini zinapanda, na springi inanyanyuka upande mmoja. Zigonge kwa nyundo ndogo kabla ya kutega.

Wengi hukosea kwenye ule mdomo wa kibati. Ncha ya fimbo ikizama sana, panya anamaliza chambo na kuondoka salama. Ikigusa kidogo mno, mlango ukibamizwa tu mtego unafyatuka peke yake. Tafuta milimita moja hadi mbili. Ncha yenye makovu ya kiwandani isugue kwa msasa mpaka iteleze, na mdomo uliobana uupanue kidogo kwa koleo. Chambo kiwe kipande cha nazi iliyochomwa au ng'onda, kikazwe kwa uzi ili panya alazimike kuvuta. Chambo cha kulambwa, kama siagi ya karanga, kitoshe punje ya mbaazi, si zaidi.

Mtego ukae pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hupita akiambaa. Darini ufunge kwenye boriti kwa waya, la sivyo aliyenaswa mguu ataondoka nao akafie pasipofikika. Na jambo linalofaa kuliko yote: panya mweusi hushuku kitu kipya. Weka mitego na chambo bila kuitega usiku 3 hadi 5, waizoee na kula bila hofu, kisha itege yote kwa usiku mmoja. Asiyefanya hivyo hunasa wawili watatu wa kwanza, akabaki anawalisha waliobaki.

Sasa kazi ya pili. Mtego huu ulipata umaarufu wake mwaka 1996, pale Michael Behe, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, alipoutumia kueleza hoja yake ya usanifu wenye akili, yaani kwamba baadhi ya mifumo ya viumbe imesanifiwa na mwenye akili. Alisema hivi: vipande ni vitano, na ukiondoa kimoja hupati mtego dhaifu, hupati mtego kabisa. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kujengeka kidogo kidogo kwa uteuzi wa asili (wenye tofauti yenye faida kuokoka na kuzaa zaidi), kwa kuwa hatua za katikati hazina faida yoyote ya kuteuliwa. Kutoka hapo akaingia kwenye seli, akataja mkia ambao bakteria huogelea nao na mfumo wa kuganda kwa damu. Mwenye kumjibu amjibu alilosema. Behe hadai kuwa dunia ina miaka elfu chache, na anakubali kuwa viumbe wana asili moja. Anachokataa ni kwamba mabadiliko ya kubahatisha pamoja na uteuzi vinatosha kueleza mifumo hiyo.

Weka basi mtego mezani ujaribu. Toa ubao, vipande vilivyobaki uvipigilie kwenye rafu: unanasa. Mwanabiolojia John McDonald wa Chuo Kikuu cha Delaware alikwenda mbali zaidi, akachora mitego ya vipande vinne, vitatu, viwili, mpaka mmoja wa waya mtupu uliokunjwa ukajizuia wenyewe. Ni mibovu, lakini ni mitego. Behe akajibu kwamba kutoka mchoro mmoja hadi mwingine unahitaji mkono wa mtu anayejua anakokwenda, na kwamba rafu ni ubao tu kwa jina jingine. Hapo ana haki, na McDonald naye hakudai kuwa michoro yake ndiyo njia ya mageuko. Ilichoonyesha ni kidogo lakini kinatosha: "haufanyi kazi vizuri" na "haufanyi kazi kabisa" ni mambo mawili. Aliyewahi kurekebisha mdomo wa kibati analijua hilo vidoleni, kwani kati ya mtego mzuri na takataka kuna daraja nyingi.

Jibu la mwanabiolojia Kenneth Miller wa Chuo Kikuu cha Brown lina uzito zaidi. Aliondoa kibati na fimbo, akabakiza ubao, springi na waya, akabana tai yake. Watu walicheka, lakini hoja ni nzito: vipande vinaweza kuwa na kazi nyingine kabla ya kukutana kwenye kazi hii. Swali la kuuliza kuhusu mfumo wa mwilini basi si "nusu yake inafanya kazi hiyo hiyo?" Uliza "nusu yake inafaa kwa lolote?"

Mkia wa bakteria unaanzia hapo. Una protini zipatazo 30 hadi 40, na kiasi cha 10 za kwenye kitako chake zinafanana na zile za sindano ambayo bakteria wengine huitumia kudunga sumu ndani ya seli. Mmoja wao ni Yersinia pestis, bakteria wa tauni, anayesafiri na viroboto wa panya, kwa hiyo hatujatoka mbali na duka la mitego. Ila mwalimu asijikwae: asiseme mkia ulitokana na sindano. Uchambuzi wa jeni unaelekea kuonyesha kuwa sindano ndiyo iliyokuja nyuma. Mfano huu unathibitisha tu kwamba sehemu ya mashine hiyo ikitengwa ina kazi yake, na hilo peke yake linaiangusha kauli ya kwamba ukipunguza kitu unabaki na takataka.

Kuhusu damu, mfano tunao Kizimkazi, kwa pomboo wa huko. Watu na panya wana protini ya kugandisha damu inayoitwa faktori 12. Pomboo na nyangumi hawana. Hilo limejulikana tangu mwaka 1969, na damu yao inaganda. Samaki bunju naye anakosa protini hiyo pamoja na nyingine za hatua za mwanzo za kuganda. Ukiutumia mfano huu mbele ya mtu aliyemsoma Behe, atakwambia kwamba Behe alijiwekea mpaka, kwamba alikusudia hatua za mbele tu, kwani kuganda huanza kwa njia mbili ambazo baadaye hukutana, naye aliongelea yaliyo baada ya hapo. Ni kweli aliuweka mpaka huo. Utaje mwenyewe kabla hujatajiwa.

Mabishano haya yalifika mahakamani Marekani mwaka 2005, katika kesi ya skuli za Dover, Pennsylvania. Behe na Miller walitoa ushahidi, kila mmoja upande wake. Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones III, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alihukumu kuwa usanifu wenye akili si sayansi na kwamba kuuingiza katika masomo ya sayansi ya skuli hizo kunavunja katiba ya nchi yao. Hukumu hiyo haimbani mtu yeyote Zanzibar. Inafaa kusomwa kwa namna hoja zilivyohojiwa moja moja, jambo ambalo barazani halifanyiki kwa sababu kila mtu anataka kumaliza yeye.

Kasoro kubwa ya mtego kama mfano ni kwamba hauzai. Ukitaka kuona mageuko, angalia sumu iliyo rafu ya pili. Warfarin ilianza kuuzwa kama sumu ya panya karibu na mwaka 1950. Inazuia kimeng'enya kinachorudisha vitamini K katika matumizi, damu ikakosa kuganda, panya akavuja damu ndani kwa ndani. Mwaka 1958 wakaonekana Scotland panya wasiodhurika. Jeni yenyewe, VKORC1, ilitambuliwa mwaka 2004, na badiliko la asidi amino moja (kijenzi kimoja cha protini) kwenye kimeng'enya hicho linaweza kumtosha panya kuokoka. Panya wadogo wa Ulaya waliipata kinga kwa njia nyingine tena, kwa kuzaliana na spishi jirani iliyokwisha kuwa nayo. Hapa kuna tofauti za kurithi, kuna kufa, kuna waliobaki wakazaa. Usiichanganye na panya anayekwepa kibao: huyo amejifunza, na mtoto wake hazaliwi anajua. Na usidai kingi kuliko kilichopo, maana kinga ya sumu ni badiliko dogo ambalo hata Behe halikatai.

Wapo wanaoogopa kwamba mtego ukishindwa kama hoja, imani ya Muumba imeguswa. Haijaguswa. Anayeamini kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyeumba hakuiegemeza imani hiyo juu ya idadi ya vipande vya kifaa kilichopewa hataza mwaka 1894 kwa jina la William Hooker wa Illinois. Kwamba mtego una msanifu tunalijua kwa jina lake na mchoro wake, si kwa kuhesabu waya.

Kati ya vifaa vya jirani, sumu kali za kizazi cha pili kama brodifakumu hatuzipendekezi kwa nyumba yenye paka, kwa kuwa anayemla panya aliyekula sumu naye hudhurika, na bundi hali kadhalika. Gundi ni mateso, na vumbi la darini huimaliza nguvu upesi. Kibao kinabaki chaguo letu, mradi kiwe ndani ya sanduku lenye tundu la sentimita 6 au 7 palipo na watoto au kuku.

Ukimtoa panya vaa glavu, lowesha mahali kwa klorini ya dukani sehemu 1 kwa maji sehemu 9, subiri dakika 5, ndipo ufute. Kufagia pakavu kunarusha vumbi la mkojo na kinyesi. Anayeutaka kwa darasa anunue miwili, mmoja ubaki mzima. Unaofunguliwa uwe haujategwa, na bado springi ina nguvu: bana waya wa kupiga kwa koleo, ng'oa pini za springi kwanza, na wanafunzi wasogee nyuma mpaka iwe imelala mezani.