Mafunzo ya WHO kwa wazazi wa watoto wenye usonji, nimeyafanya nikiwa hapahapa Mtwara

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, hasa yule aliyeambiwa juzi tu kwamba mtoto ana usonji (autism, ile hali ya makuzi inayomfanya mtoto apate shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake) akatoka pale na karatasi mkononi hajui aanzie wapi. Haya mafunzo ndo kitu cha kwanza kilichonipa kazi ya kufanya nyumbani, maana kabla ya hapo kila mtu alikuwa ananiambia nisubiri.

Mwanangu ana miaka minne. Nimezungushwa sana, hospitali moja wakasema watoto wa kiume huwa wanachelewa kuongea, mtaani ndo usiseme, huyu anakwambia mtoto karogwa, yule anataka akatwe chini ya ulimi. Mwisho tukaenda Dar, zaidi ya kilomita 500 kwenye basi na mtoto asiyevumilia kelele, ndo tukapewa jibu, na tukaambiwa mtoto anahitaji mazoezi ya kuongea kila wiki. Kila wiki! Mtu wa Chikongola atafika vipi Dar kila wiki, nauli ipo wapi, utalala kwa nani, na wadogo zake unamwachia nani?

Sasa hawa WHO, yani Shirika la Afya Duniani, wana mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa makuzi, usonji ukiwemo. Yalianza kama ya vikundi, vikao 9 vya pamoja na mara 3 unatembelewa nyumbani, halafu mwaka 2022 wakaweka na ya kwenye mtandao, bure kabisa. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba sio lazima mtoto awe ameshapimwa na kupewa jina la tatizo, ukiona hachezi na wenzake au haongei we anza tu. Kwa sisi wa huku ambao kupata mtaalamu ni safari, hilo ni jambo kubwa sana.

Hawakuambii ununue midoli. Wanakwambia chukua kazi unazofanya kila siku, kuoga, kula, kufua, mchezo na mazoezi yawe humohumo. Mi nilianza na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, maana mwanangu anaipenda mno. Nakaa kwenye mkeka mbele yake, macho yangu usawa wa macho yake, namenya kipande nampa, nasema "ming'oko" basi, sio hotuba. Kipande cha pili nakishika. Nakaa kimya namwangalia. Hapo kwenye kukaa kimya ndo pagumu jamani, bibi yake pembeni keshaanza "si umpe tu mtoto mwenyewe ana njaa", na mimi moyo unauma, ila somo linasema subiri, mpe nafasi akuombe kwa njia yake. Akanishika kidole akakivuta kwenye kipande, halafu akaniangalia usoni. Usoni kabisa! Nikampa hapohapo. Baadaye kidogo ikaja sauti, "ngo". Sasa hivi ni bibi yake ndo anawaambia majirani msimpe mpaka aombe.

Somo lingine lililonisaidia ni la zile fujo zake, kulia, kujigonga kichwa. Wanafundisha kwamba mtoto ana sababu, pengine anataka kitu, anakimbia kitu, anataka umuangalie, au mwili wake umezidiwa, kwa hiyo angalia nini kilitokea kabla. Nyie mnajua msimu wa jando huku ulivyo, ngoma na vigelegele vinapita mtaani mpaka usiku. Tukagundua anaanza kuhangaika ngoma zikiwa bado mbali, sisi wengine hata hatujazisikia vizuri. Kwa hiyo akianza kuziba masikio tu tunaingia chumba cha nyuma, najifunika naye kanga, tunakula korosho mpaka wapite. Hajigongi tena kama zamani, na baba yake ambaye alikuwa anasema ni ukaidi amekubali mwenyewe kwamba sio ukaidi.

Kuna na sehemu ya mzazi mwenyewe, namna ya kuvuta pumzi na kujituliza, namna ya kutatua shida moja moja. Nililia kwenye hilo somo, sifichi, maana hakuna mtu alikuwa ameniuliza mimi naendeleaje.

Mapungufu yapo. Nililofanya mimi ni la Kiingereza na kwa mama wengi wa huku hapo ndo mwisho wa safari. Nimesaidiwa na binti wa dada yangu aliyemaliza chuo, anasikiliza anatusimulia kwa Kiswahili. Video zinakula bando kweli kweli. Na ukikwama hamna wa kumuuliza, wakati kwenye yale ya vikundi mtu anakuja mpaka nyumbani anakuona unavyofanya, kwa hiyo WHO na wizara watusaidie kwa hilo, hayo ya vikundi kwa Kiswahili yafike na mikoa ya kusini. Halafu jamani hayachukui nafasi ya daktari, mtoto bado apimwe masikio, na akiwa anapata degedege au anaganda ghafla mpeleke hospitali, kifafa kinaweza kwenda pamoja na usonji.

Na msiyafanye peke yenu. Sisi tumejikusanya wamama wachache tuliokutana kwenye foleni ya kliniki, tunaangalia kwa simu moja Jumamosi, watoto wanacheza hapohapo barazani na hamna anayemshangaa mwenzake. Mmoja alikuwa amegoma kumpeleka mdogo mtu chanjo ya surua kwa hofu kwamba ndo ilimpa kaka yake usonji, tukamweleza kwamba ule utafiti wa 1998 ulioleta hayo maneno jarida lenyewe la Lancet lilishaufuta mwaka 2010. Wiki iliyofuata alimpeleka.

Mimi nayapa nyota nne kwa tano, hiyo moja wataipata siku yakija kwa Kiswahili. Jumamosi hii tunarudia somo la kugawa kazi kwa hatua ndogondogo, maana mwenzetu mmoja mwanae anaanza darasa la awali Januari na bado hajaweza kwenda chooni mwenyewe, tunaanza na kuvua kaptula. Aliye Chikongola, Magomeni au hata Mikindani mwenye mtoto kama wetu aandike hapo chini, tutaelekezana pa kukutana.