Jokofu la Gari la Kuishi: Anza na Plagi, Lita Baadaye

Jokofu langu la kwanza, ambalo jina lake silitaji, liliniharibia nyama ya siku nne ingawa halikuwa na hitilafu yoyote ndani. Baada ya kutwa nzima ya barabara mbovu, nilifunua kifuniko nikapokewa na harufu, na nilipofuata waya nikakuta plagi imechomoka kwa upana wa ukucha tu kutoka kwenye tundu la kuwashia sigara. Nilipoichomoa kabisa ilikuwa ya moto, na plastiki ya ncha yake imeanza kugeuka kahawia.

Tundu lile liliundwa kwa ajili ya kifaa kinachoshikiliwa kwa sekunde chache, si kompresa, yaani pampu ya kupozea ya jokofu, inayofanya kazi usiku na mchana. Mguso ukilegea volti hushuka, na jokofu, likidhani betri inakwisha, hujizima ili kuilinda. Waya mwembamba huongeza balaa: waya wa milimita 1.5 za mraba uliovutwa mita 5 kutoka kwenye betri hupoteza takriban volti 0.6 mkondo ukiwa ampea 5, ilhali wa milimita 6 za mraba hupoteza kama 0.15. Kwa hiyo betri iliyojaa vizuri inaweza kuonekana tupu machoni pa jokofu.

Kwa kigezo hicho cha plagi na waya, namba moja kwangu ni jokofu la Engel, wala sijifanyi mwamuzi asiye na upande. Kompresa yake, inayotengenezwa na Sawafuji ya Japani, ina sehemu moja tu inayotembea, na kampuni huuza soketi ambayo plagi yake hukazwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Ni zito, sura yake ni ya kizamani na bei yake inauma. Hata hivyo, langu halijawahi kuzimika njiani.

ARB ninaiweka ya pili, kwa kuwa nayo ina soketi ya kukaza na seti ya nyaya nene. Dometic ni ya tatu: hupoza vizuri na huongozwa kwa simu, lakini waya wake huishia kwenye plagi ileile ya sigara, hivyo mnunuzi atalazimika kuikata na kufunga kiunganishi kinachojibana, pamoja na fyuzi karibu na betri.

Masanduku ya bei nafuu yasiyo na kompresa hupoza nyuzi 20 hivi tu chini ya joto la nje na hunyonya umeme karibu muda wote. Ya gesi hutaka gari lisimame sawasawa. Yote mawili nayapita.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji. Hutangaza matumizi ya umeme bila kusema yalipimwa katika joto gani, huhesabu lita hadi pembe ambazo hata limau halikai, kisha waya mnene, ambao bila huo kifaa hakifai safarini, huuzwa kando kama pambo. Mmoja nilimwomba aliwashe jokofu nami niutikise waya wake. Alinitazama kama niliyemwomba alivunje, akaniambia kwamba dhamana haihusu plagi.