House of the Dragon, Msimu wa Pili: Je, Ni Kweli Mwendo Wake Ni wa Kobe?

Watazamaji wangu, karibuni tena katika chaneli yetu. Leo sitaeleza nani ni mtoto wa nani katika ukoo wa Targaryen, wala Kiti cha Chuma kilipatikanaje, kwa sababu aliyefungua video hii anayajua hayo, na asiyeyajua ana msimu mzima wa kwanza wa kutazama kabla ya kurudi hapa. Nitataja matukio ya msimu wa pili hadi sehemu ya nane, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo aniache sasa hivi, nami sitamlaumu.

Kilichonileta ni suala la kasi ya tamthilia hii ya ukoo unaopigania kiti cha enzi. Msimu huu ulianza kuoneshwa tarehe 16 Juni 2024 na ukamalizika tarehe 4 Agosti, na tangu hapo mashabiki hawajaacha kuzozana. Kuna wanaodai kwamba tamthilia imekuwa na mwendo wa kobe, na kuna wanaowajibu kwamba walalamikaji hao hawawezi kuvumilia mazungumzo ya watu wawili chumbani bila joka kutema moto. Pande zote mbili zinaniudhi, lakini tamthilia yenyewe inaniudhi zaidi, na nitawaonesha mahali hasa panaponiudhi.

Hata hivyo, naanza na mahali paliponifurahisha, nalo ni tukio la kwanza la sehemu ya tatu. Nimeisimamisha picha hapa. Vijana wa ukoo wa Bracken wako malishoni, na vijana wa ukoo wa Blackwood wanawajia wakidai kwamba mawe ya mpaka yamesogezwa. Uhasama wa koo hizi mbili ni mkongwe kuliko vita vya kugombea kiti. Wanarushiana matusi, upande mmoja unamtaja Aegon kuwa mfalme halali, upande mwingine unamtetea Rhaenyra, dada yake wa baba mmoja, mtu anasukumwa kifuani, upanga unachomolewa. Sasa naiachia picha iende. Mmeona? Imekatwa. Upanga haujamgusa mtu yeyote, na tayari tunatazama uwanja uliotapakaa maiti, kinu kimeungua, na yule kijana aliyekuwa akitamba muda mfupi uliopita amelala miongoni mwa wafu. Vita ambavyo tamthilia nyingine ingevitengea nusu saa na fungu kubwa la bajeti vimepita katika mkato mmoja wa mhariri.

Naomba mwitazame mara nyingine, safari hii mkiangalia kilichoachwa nje. Hatukuoneshwa nani alipiga pigo la kwanza, wala mabwana wa koo hizo walifikaje na majeshi yao, wala nani aliibuka mshindi. Tumeoneshwa ugomvi mdogo na matokeo makubwa, na kilichopo katikati tumeachiwa tukijaze wenyewe, na ndiyo maana kinatisha. Anayesema kwamba waandishi wa msimu huu hawajui kwenda kasi anieleze tukio hili limetoka wapi.

Sasa twende kwenye ngome ya Harrenhal, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nitakaa kwa muda.

Daemon, mume wa Rhaenyra, anaingia katika ngome hiyo kwenye sehemu hiyohiyo ya tatu, usiku wa mvua, upanga mkononi, akitarajia mapigano, na badala yake anamkuta mzee Simon Strong mezani akila, naye anaisalimisha ngome bila ubishi wowote. Ni mwanzo wenye ucheshi na wenye akili. Kisha inakuja ndoto ya kwanza: Rhaenyra akiwa bado binti, Milly Alcock akiwa amerudi kwa uigizaji wa dakika chache, ameketi akishona kichwa cha mtoto Jaehaerys, mwana wa Aegon, kwenye kiwiliwili chake. Mtoto huyo aliuawa na watu waliotumwa na Daemon. Ndoto hiyo inatueleza kwamba Daemon anajua alichokifanya, kwamba anamwogopa mke wake, na kwamba ngome hii haitamwachia alale. Hakuna kilichobaki cha kuelezwa.

Lakini sehemu ya nne inaleta ndoto nyingine, ambamo anamkata kichwa Rhaenyra huyohuyo. Sehemu ya tano inamleta mama yake mzazi, kwa namna ambayo sitaieleza hapa. Sehemu ya sita inamrudisha kaka yake marehemu, Mfalme Viserys, na sehemu ya saba inamrudisha tena, safari hii akiwa na taji mkononi. Sehemu ya nane inampeleka kwenye mti mtakatifu, na hapo anaoneshwa hata mambo ambayo yatatokea vizazi vingi baada ya kifo chake. Nimeziunganisha ndoto hizo zote hapa kwenye skrini, moja baada ya nyingine, ili tuzitazame kwa mfululizo. Tazameni uso wa Daemon kila anapozinduka: nywele zimemlowa, macho yamemtoka, Alys Rivers, mganga wa ngome, yuko karibu na maneno yake ya mafumbo, na nje mvua haijakatika.

Kipimo ninachokitumia hakihitaji utaalamu wowote. Chukueni ndoto ya sehemu ya nne muiweke katika sehemu ya tano, na ya tano muirudishe katika ya nne, kisha mniambie ni kitu gani kimeharibika. Hakuna. Daemon angeamka na hofu ileile, angemkaripia Simon Strong vilevile, na jeshi la nchi ya mito lingeendelea kutopatikana. Jaribuni sasa kulihamisha tukio la Bracken na Blackwood, na mtaona kwamba haliwezekani, kwa sababu kila kinachofuata katika eneo lile kinategemea mawe yale ya mpaka. Hapo ndipo penye kasoro, na wanaotumia neno “polepole” hawajaigusa. Tukio linaweza kuchukua dakika kumi za watu wawili kukaa kimya na bado likasonga. Linakwama pale linapotuacha tulipokuwa.

Nitasema neno la kuwatetea waandishi, maana haki lazima itendeke. Kitabu cha George R. R. Martin kilichotoka mwaka 2018, Fire & Blood, hakikuandikwa kama riwaya ya kawaida. Kimeandikwa kama historia iliyokusanywa na msomi kutoka kwa mashahidi wanaopingana, mmoja akiwa kasisi na mwingine mchekeshaji wa ikulu mwenye ulimi mchafu, na mara nyingi mambo ya miezi mingi yanapita katika aya moja. Aliyepewa kazi ya kukigeuza kuwa tamthilia analazimika kubuni mazungumzo, na kumbunia Daemon mambo ya kufanya wakati wengine wanajipanga. Kwa hiyo siwalaumu kwa kubuni ndoto. Nawalaumu kwa kubuni ndoto moja kisha kuipiga chapa tena na tena.

Na lazima niseme kwamba Harrenhal ina tukio moja lililonifanya nisimame kutoka kitini. Katika sehemu ya saba, kijana Oscar Tully, ambaye babu yake ndiyo kwanza amefariki, anasimama mbele ya mabwana wakubwa na kumwambia Daemon waziwazi kwamba hampendi, ila atatimiza kiapo cha ukoo wake, kwa sharti kwamba uovu waliofanyiwa watu wa Bracken ulipiwe. Daemon, ambaye uovu huo ulifanywa kwa baraka zake, analazimika kumkata kichwa Willem Blackwood kwa mkono wake mwenyewe. Mabwana wanashuhudia, jeshi linapatikana, na gharama yake inaonekana palepale. Hayo ndiyo mawe ya mpaka ya sehemu ya tatu yanapozaa matunda. Nikiutazama mkondo wa nchi ya mito kwa jumla, bila ndoto zile, najikuta nikiupenda kuliko nilivyoupenda wakati ule tulipokuwa tukiusubiri wiki hadi wiki.

Hapo tunaingia kwenye suala la kusubiri, ambalo kwa wengi ni suala la fedha. Msimu una sehemu 8 badala ya 10 za msimu wa kwanza, na ulitolewa sehemu moja kila wiki. Anayelipia jukwaa la mtandaoni kwa mwezi, kama alitaka kuona kila sehemu siku ilipotoka, hakuweza kumaliza msimu kwa malipo ya mwezi mmoja. Mtu aliyelipa mara mbili, akakaa wiki nzima akisubiri, kisha akaoneshwa Daemon akiamka tena na nywele zilizolowa, ana haki ya kununa. Ushauri wangu kwa asiyeutazama bado ni kuupanga wote ndani ya mwezi mmoja, sehemu mbili au tatu kwa mkupuo. Marudio yataonekana wazi zaidi, hilo silifichi, lakini hayatabeba mzigo wa wiki nzima ya matarajio.

Washindani nao wamelitambua tatizo hili kwa namna zao. The Rings of Power ilipoanza msimu wake wa pili tarehe 29 Agosti 2024, wiki chache tu baada ya msimu huu kumalizika, ilitoa sehemu tatu kwa siku moja, na mtazamaji akapata mahali pa kusimama kabla ya kuanza kusubiri. The Wheel of Time, kwa upande wake, ilijaribu kubana vitabu vikuu 14 katika misimu ya sehemu nane nane, ikakimbia mno mwanzoni, ikapata pumzi katika msimu wa tatu ambao mashabiki wengi waliusifu, kisha mwezi Mei 2025 ikafutwa. Nimekuwa nikipokea maombi yenu kuhusu tamthilia hiyo, na uchambuzi wake ndio unaofuata katika chaneli, kwa hiyo waliojisajili wawe tayari.

Nirudi Westeros, nchi ya tamthilia yetu. Wanaotamani tamthilia ikimbie tu wanasahau kwamba tulishawahi kuona ikikimbia. Msimu wa kwanza uliruka miaka hadi ukawabadilisha waigizaji wakuu katika sehemu ya sita, na Laena Velaryon aliigizwa na watu watatu kabla ya kufa katika sehemu hiyohiyo. Kifo chake ni cha kuhuzunisha, anamwamuru joka wake mwenyewe amchome, lakini ni wangapi kati yenu mliolia? Hatukupewa nafasi ya kumjua. Na Game of Thrones, iliyodumu kwa sehemu 73, ilipunguza sehemu zake hadi 7 katika msimu wa saba na 6 katika msimu wa nane, na kila shabiki anakumbuka Gendry alivyokimbia kwa miguu hadi ukutani, kunguru akatumwa hadi kisiwa cha Dragonstone, na Daenerys akafika na majoka kaskazini kabisa kabla waliozingirwa hawajafa kwa baridi. Aliyeongoza sehemu hiyo ni Alan Taylor, ambaye ndiye pia aliyeongoza sehemu ya nne ya msimu huu, ile ya mapigano ya Rook's Rest. Hapo hakuna umbali unaofupishwa kama ramani iliyokunjwa. Rhaenys, wa upande wa Rhaenyra, anaruka na joka wake Meleys, anapata nafasi ya kuondoka, anageuka na kurudi kwa hiari yake, na Vhagar, joka mkubwa wa upande wa Aegon, anamsubiri. Kugeuka kule tunakuelewa kwa sababu sehemu tatu zilizotangulia zilimwonesha akishauri subira na kukataa papara. Subira ya waandishi ilimjenga Rhaenys, na waliouita mwanzo wa msimu kuwa mzito wanapaswa kuliona hilo.

Kuhusu sehemu ya mwisho, msimamo wangu umekuwa ukiyumba. Alicent, mama yake Aegon, anakwenda Dragonstone kwa siri, kama Rhaenyra alivyokuja kwake kwa siri katika sehemu ya tatu, na mashabiki wengi walilichukia tukio hilo kwa sababu wanawake wawili wanaoongoza pande zinazopigana hawatembeleani kirahisi hivyo. Hoja yao kuhusu ulinzi naikubali. Lakini Olivia Cooke na Emma D'Arcy wanapozungumzia uhai wa mwana, na mama akatambua kwamba anaulizwa kama yuko tayari kumtoa wake, sikuwa nikifikiria walinzi. Kinachoniudhi ni kwamba katika sehemu hiyohiyo, ya mwisho kabisa, muda umetumika kumwonesha Tyland Lannister akipigana mieleka kwenye matope na amiri wa meli ili apate manowari. Kwamba meli zimepatikana ni jambo muhimu. Matope yangeweza kukatwa kwa upanga uleule uliokata vita vya Bracken na Blackwood. Na linaloshangaza ni kwamba sehemu zote mbili, ya tatu na ya nane, ziliongozwa na Geeta Vasant Patel. Anayejua kuruka vita vizima ameshindwa kuruka matope, au pengine mswada haukumruhusu.

Kisha majeshi yanaanza kutembea, meli zinang'oa nanga, Rhaena, binti wa Daemon, anamfikia joka mwitu, Otto Hightower anaonekana nyuma ya nondo, na msimu unakatika. Mwendeshaji mkuu, Ryan Condal, alieleza mwezi Agosti 2024 kwamba hadithi yote itakamilika katika misimu minne, kwa hiyo huo ulikuwa ndio katikati ya safari. Mimi ningekubali majeshi yale yaishie njiani kama ndoto mbili za Daemon zingeondolewa na dakika zake zikapewa Rhaena, ambaye alitumia sehemu za mwisho za msimu akimtafuta joka huyo bondeni.

Kwa hiyo naweka mjadala mbele yenu kwa masharti haya: yeyote atakayeandika katika maoni kwamba msimu huu ni wa polepole na ataje tukio analotaka liondolewe, na aeleze ni kitu gani baadaye hakitaeleweka likiondolewa. Na yeyote atakayeutetea achague ndoto moja ya Harrenhal, kuanzia sehemu ya nne hadi ya saba, aniambie inafanya kazi gani ambayo ile ya kushona kichwa haikuifanya. Majibu bora nitayasoma mwanzoni mwa video ya The Wheel of Time.